Jina kwa Herufi Nyeupe

3 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, ila yale ya kawaida. Mama yako alipita hapa juzi kunisema kuhusu ndevu zangu, kwa hiyo ujue ni mzima. Mkazamjomba wako ana kifua kidogo, anakunywa dawa, anakusalimu sana. Mimi sikio la kulia limekufa kabisa kwa kelele za ile bunduki ya misumari. Ukinipigia simu nasikia nyuki tu. Basi nitakuandikia hapa kwenye kompyuta ya karakana, kwa kidole kimoja, na wewe unijibu kwa urefu kama watu wenye adabu.

Sasa sikiliza. Ile tovuti uliyotutengenezea mwaka jana haionwi na mtu. Nimejaribu mwenyewe. Nimeandika "fundi makochi" kwenye mashine ya kutafutia, zikaja kurasa za watu, nikashuka, nikashuka, mpaka kidole kikachoka, sisi hatumo. Maisha yangu yote nimeamini chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naona huko mtandaoni mambo ni kinyume. Nieleze ni kitu gani hasa hupandisha ukurasa juu na kipi ni porojo, maana kuna bwana mmoja amekuja hapa na tai yake akiniahidi nafasi ya kwanza ndani ya wiki.

Nilitaka niishie hapo, lakini mkazamjomba wako amekaa nyuma yangu anasoma, na anasema niandike ukweli. Hatutafuti wateja. Tunamtafuta Pamba. Unajua binamu yako alivyoondoka, mwaka wa tatu huu, na namba akabadilisha. Dereva anayetuletea vitambaa alimwona kwenye karakana moja ya mbali sana, anafanya kazi hii hii ya makochi, ila jina la karakana hakulishika. Mama yake anasema fundi wa siku hizi akikwama haulizi mzee, anauliza simu. Na Pamba lazima atakwama kwenye fundo la springi, lile la kuzifunga kwa kamba, kwa sababu aliondoka hajamaliza kujifunza. Anataka siku mwanawe akiuliza, ajibiwe na sisi.

Unamjua akishaamua jambo. Anataka liwe upesi.

Mjomba wako

9 Februari

Mjomba, shikamoo. Na shikamoo ya mkazamjomba mfikishie kwa sauti, siyo unainua mkono tu kutoka kwenye meza. Mimi mzima. Ofisini tumehamishiwa chumba kisicho na dirisha, tunajua mvua imenyesha kwa kuona viatu vya wanaoingia.

Yule bwana wa tai mfukuze. Anayekuahidi nafasi ya kwanza hana hiyo nafasi mfukoni. Mashine yenyewe hakuna anayeijua yote. Nitakwambia tu yale ninayoyaona yakifanya kazi kila siku.

Chema chajiuza, nakubali, lakini kikiwa kimepangwa sokoni. Chako tumekiweka uvunguni, na kosa ni letu sote wawili. Kichwa cha ukurasa tuliandika "Karibuni Karakana Yetu". Nani duniani anakaa akatafuta "karibuni karakana yetu"? Kisha ukaniandikisha "ukarabati wa samani za kifahari". Mjomba, mtu aliyezama kwenye kochi lake haandiki samani. Anaandika "kochi limebonyea katikati nifanyeje". Maneno ya anayetafuta ndiyo yanayotakiwa kwenye kichwa, yarudi kwenye mstari wa kwanza, na jibu lifuate papo hapo kabla hajachoka. Mengine yote ni ya kusaidia tu.

Kwa Pamba tutafanya ukurasa mmoja wenye swali moja. Tusichanganye na bei za vitambaa wala historia ya karakana. Mkazamjomba aseme fundo lake lote, hatua kwa hatua, kwa maneno yake. Asinakili popote. Ukurasa uliojaa maneno ya wengine hauna sababu ya kuwapita hao wengine. Nipigie picha za mikono yake akifunga.

Jambo moja zaidi. Mama alinieleza yaliyosemwa siku Pamba anaondoka, lakini kwako sijawahi kuyasikia. Ulimwambia nini? Siulizi kwa umbea. Mimi naweza kumfikisha mtu mlangoni, kubisha hodi ni juu yake.

Mpwa wako

2 Machi

Mpwa wangu,

Hatujambo. Barua yako niliisoma siku ile ile, kujibu ndiko kumechelewa. Kazi zilibana. Mama yako anasema hujambo na uache kula ukiwa umesimama.

Nilimkalisha mkazamjomba wako karibu na meza ya kukatia, mto mgongoni, akawa anasema mimi naandika. Nilipoanza na "ni vyema kwanza kufahamu chimbuko la springi", akaniuliza, "Mtu ana misumari mdomoni, unampa chimbuko?" Akanifutisha. Tukaanza hivi: "Kamba ikiteleza ni kwa sababu umeizungusha mara moja. Izungushe mara mbili, ya pili ipite chini ya ya kwanza, ndipo uvute." Yote utakayoyaona ni yake. Nilijaribu kupamba kidogo katikati akanishtukia.

Kuna mahali alinisimamisha. Akasema, "Hapa ndipo Pamba alipokuwa anakosea. Andika polepole hapa." Nikamuuliza mtu anaandikaje polepole. Akasema nitajua mwenyewe. Ile sehemu ndefu kidogo ndiyo hiyo.

Picha nimepiga. Simu niliiegemeza kwenye mkebe wa gundi. Yeye alikuwa amechoka siku hiyo, basi nimefunga mimi.

Kuhusu lile lingine uliloniuliza, mvua zimeanza na paa linavuja upande wa kuhifadhia sponji.

Mjomba

11 Machi

Mjomba shikamoo,

Natumaini sponji zimepona.

Ukurasa upo hewani. Kichwa ni "Springi za Kochi Zinateleza? Jinsi ya Kuzifunga kwa Kamba". Kila hatua ina kichwa chake kidogo, ili mwenye haraka aone anapokwenda. Nimeandika na zile sentensi mbili zinazotokea chini ya kichwa kwenye matokeo ya kutafuta, maana mtu husoma hizo kabla ya kuamua abonyeze wapi. Ukurasa wako wa viti vya kulia chakula sasa una kiungo cha kuja huku, na kiungo hakisemi "bonyeza hapa", kinasema "jinsi ya kufunga springi". Ile sehemu ya polepole sikuigusa hata nukta.

Picha zako zilikuwa nzito mno. Kwa simu ya bei ndogo na mtandao wa kusuasua, mtu angeota mvi akisubiri. Nimezipunguza uzito, na kila moja nimeiwekea maelezo yake kwa nyuma, kwa ajili ya mashine na kwa ajili ya wasioona: "mikono ikizungusha kamba ya katani kwenye springi ya kochi, mara ya pili".

Nilipokuwa nayaandika hayo maelezo nililitazama lile kovu la kidole gumba. Najua mikono hiyo ni yako, umesema. Lakini nimemfahamu mkazamjomba tangu sijaota meno, na sijamwona akichoka mtu mwingine akamfungia springi zake. Hicho kifua kidogo ni kidogo kiasi gani?

Mpwa wako

20 Aprili

Mpwa,

Tumepanda! Nimeandika "springi za kochi zinateleza" nikaona sisi ni wa pili. Mtu wa mbali, hatumjui, ameandika chini kwamba kochi la mama yake limesimama na anatuombea heri. Nilimsomea mkazamjomba wako akacheka mpaka akakohoa. Sasa anataka nimsomee kila aliyeandika. Wengi wanauliza bei. Anasema, "Huyo siye. Endelea."

Swali dogo. Jina la mtu likiandikwa mara nyingi ukurasani, mashine humfikishia? Ni swali tu. Nimekumbuka uliniachia neno la siri la kuingilia.

Mjomba

26 Aprili

Mjomba shikamoo,

Hongereni, na mwambie mkazamjomba nimeruka kwenye kile chumba kisicho na dirisha.

Jibu ni hapana. Zamani watu walirudia neno moja mpaka ukurasa ukawa kama mlevi anayesimulia kisa kile kile. Mashine ilishajifunza kumkwepa. Wengine walikuwa wakijaza maneno kwenye kisanduku cha nyuma ambacho msomaji hakioni, na hicho nacho siku hizi hakihesabiwi. Neno likikaa mahali pake mara moja, waziwazi, linatosha.

Kama ni jina la Pamba, liandike hivyo hivyo, mara moja. Na bado hujanijibu kuhusu kifua.

Mpwa wako

19 Mei

Mjomba, shikamoo. Leo sina utani.

Ukurasa haupo. Sisemi umeshuka. Nimetafuta kwa kila namna, mpaka kwa kichwa chake kamili, haupo. Nikaufungua mwenyewe kwa anwani yake, nikakuta chini kabisa nafasi nyeupe ndefu isiyo na kazi. Nikaipitishia kipanya, maneno yakajitokeza: Pamba Pamba Pamba mama anakuita Pamba rudi Pamba, herufi nyeupe juu ya weupe, mpaka mwisho wa ukurasa.

Mashine ikikuta maneno yaliyofichwa ili msomaji asiyaone, inaamini unataka kuilaghai, inakutoa. Haiwezi kujua kwamba Pamba ni mtu, kwamba tulimwita hivyo kwa sababu alilala utoto wake wote kwenye rundo la pamba za kujazia viti. Nimelia mezani mbele za watu, wakadhani nimefiwa.

Naweza kuyafuta kwa kubonyeza mara moja. Sijayafuta kwa sababu si yangu. Yafute wewe leo, uniambie, niombe ukurasa ukaguliwe upya. Kurudi kutachukua wiki kadhaa.

Mpwa wako

27 Mei

Mpwa wangu,

Mama yako mzima.

Ni mkazamjomba wako aliyeomba. Alisema ukurasa ni mzuri lakini mwanangu hayumo. Nikamwambia jina likionekana wateja watasoma, watajua mwana wa fundi alikimbia kwao. Akasema basi weka pasipoonekana, Mungu ataliona. Nikaweka. Nilipoanza sikuweza kuacha, nikaandika mpaka kidole kikauma.

Kila jioni kabla ya dawa ananiuliza, "Jina lipo?" Namjibu lipo. Ndipo anafungua kinywa.

Daktari ameacha kubadilisha dawa. Hilo ndilo jibu lako la kifua. Mikono yake haishiki kamba tangu mwezi wa kwanza.

Sasa nimwambie nini? Kwamba jina la mwanawe ndilo linaloufukuza ukurasa? Na usinishauri nimwekee nakala ya kumwonyesha huku halisi nikiifuta. Sijamdanganya tangu nimemwoa, sitaanzia hapa. Nipe muda kidogo.

Mjomba

28 Mei

Mjomba,

Pole. Pole sana, na mwambie nampenda. Nilitamani barua hii iishie hapo.

Lakini muda ndio hatuna, na wewe unajua kuliko mimi. Nitayasema mimi basi, maana wewe umezungumzia mvua na sponji tangu Machi. Pamba alitaka aache kamba na springi, afanye makochi ya sponji tupu, ya haraka. Ukamwambia akitoka na wazo hilo asikanyage tena mlangoni kwako. Mkazamjomba alikuwepo, ameshika kamba. Mama ndivyo alivyonieleza. Wewe hujawahi kuandika hata neno moja la hayo, na sasa jina la mwanao umeliandika kwa rangi isiyoonekana.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikutukani, Mjomba, nakuomba. Hakuna haja ya kumdanganya mtu. Futa zile nyeupe, na chini ya picha ya mwisho weka hivi kwa rangi ya kawaida: "Fundo hili ni la mke wangu. Alimfundisha mwanetu Pamba. Tunamsubiri nyumbani." Basi. Jioni akiuliza jina lipo, utamjibu lipo, na utamwonyesha.

Wateja wakisoma, wasome. Wangapi kati yao hawana mtoto asiyepiga simu?

Mpwa wako

30 Juni

Mpwa wangu,

Tangu muondoke nyumba imekuwa kubwa. Asante kwa kuja kumzika mkazamjomba wako, na asante kwa kukunja vile vitambaa vyake, mimi nisingeweza. Mama yako amebaki na mimi. Ananiangalia hasemi chochote kuhusu ndevu, na hilo linanitisha.

Msibani hukuniuliza habari za ukurasa. Nilikushukuru moyoni. Nakujibu sasa.

Barua yako niliisoma, nikaona ni kweli, nikaifunga. Nikasema kesho. Jioni akauliza, nikamjibu lipo. Asubuhi nikakaa mbele ya kompyuta, nikafikiria jirani wa duka la rangi akisoma "tunamsubiri", nikasema kesho. Ikawa hivyo. Siku ya mwisho hakuuliza. Nilikaa na kijiko cha dawa mkononi namngojea aulize, mpaka mama yako akaja akakichukua.

Jana nimefuta zile nyeupe zote. Nimeweka sentensi yako kama ulivyoiandika, chini ya picha ya mwisho, nyeusi kama nyingine. Ilinipasa niongeze kwamba ametangulia. Nimeshindwa. Nimeacha "ni la mke wangu".

Mjomba

2 Agosti

Mjomba, shikamoo. Mama anasema sasa unakula. Nimefurahi, hata kama ni uji.

Ukurasa umerudi. Hatujafika pale tulipokuwa, lakini tumo, na tunapanda. Sikuongeza kitu. Yaliyomo ni maneno ya mkazamjomba, na watu wanayasoma mpaka mwisho.

Juzi yameingia maoni mapya. Hayana jina. Nayanakili kama yalivyo:

"Mikono ya pichani si ya mama. Mama hufunga kwa kushoto, kama mimi, ndiyo maana nilikuwa nakosea nikimfuata mzee. Hayo maelezo ni yake, hasa pale katikati, nimemsikia kabisa. Huyo anayefunga ni mzee, namjua kwa kidole gumba. Kwa nini mama hafungi mwenyewe? Mwezi wa tano nilitafuta fundo hili hili nikaambulia matangazo ya sofa. Mwambieni nimeliona jina langu."

Ile sentensi ya mwezi wa tano nilitaka kuikata kabla sijakutumia. Nilikaa nayo siku mbili, Mjomba. Sikuikata. Tumeficha vya kutosha katika ukoo huu.

Nimemwachia kisanduku cha kujibu wazi. Mimi naweza kumjibu, na mama yangu anaweza, lakini ameuliza kwako.

Mpwa wako

9 Agosti

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo. Jana amenisema kuhusu ndevu.

Nimeisoma yote, na ile ya mwezi wa tano usidhani nimeiruka. Mke wangu alikuwa hai mwezi wa tano. Alikuwa amelala chumba cha pili, dirisha wazi, akiuliza kila jioni kama jina lipo. Na mwanawe alikuwa anapiga hodi wakati huo huo, na mimi nimeziba mlango kwa jina lake mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki. Sitakuandikia zaidi juu ya hilo, si kwa kuficha, ni kwa kuwa sina maneno mengine.

Kumjibu kumenichukua siku tatu. Nimeandika nikafuta mpaka mama yako akauliza kama kompyuta imeharibika. Hiki ndicho nilichobakisha:

"Mwanangu Pamba. Mikono ni yangu kweli. Mama yako alifariki mwezi wa sita. Maneno ya fundo aliyasema kwa ajili yako, siyo kwa wateja. Ungemwona mapema, ila mimi nilificha jina lako kwa kuona aibu, ukurasa ukapotea. Siku ile mlangoni nilikukosea, na yeye alijua hivyo mpaka mwisho wake. Kochi lake la mwisho lipo juu ya meza, kamba imefika nusu. Nimejaribu kulimalizia kwa mkono wangu wa kulia, linaegemea upande. Njoo ulimalize, kwa kamba au kwa sponji, utakavyo wewe. Baba yako."

Duka la rangi wakisoma, wasome.

Uliniambia neno likikaa mahali pake mara moja linatosha. Kabla sijabonyeza nilikagua rangi. Kisha nikainuka, nikarudi nyuma mpaka pale mlangoni aliposimama siku ile, nikatazama. Ni nyeusi, mpwa wangu. Hata ukiwa mlangoni inasomeka.

Mjomba wako